Hakuna Lingine Upande Wangu

Kwamboka mwanangu,

Sanduku lako nimeliona pale mlangoni, limefungwa na kamba juu yake, na sitalifungua kulikagua. Kama uliweka sweta au hukuweka, mtajuana wewe na hali ya hewa ya huko India. Habari za kula vizuri, kulala mapema na kuchagua marafiki umezisikia siku ya harambee kutoka kwa mama zako wadogo, kwa mchungaji, na kwa yule mzee aliyehutubia mpaka chai ikapoa, ambaye mpaka leo sijajua ni jamaa yetu wa upande gani. Mimi nina jambo langu moja, na nimelibeba tangu kabla ya harusi.

Utashangaa kwamba nakuandikia kwa Kiswahili, na tangu uzaliwe nimekusemesha Ekegusii. Nikiandika kwa Ekegusii nitalia, na nimechoka kulia katika mwaka ambao nimefurahi kuliko miaka yangu yote. Tena Kiswahili ndicho tulichozungumza kwenye redio ya kazi ili tajiri wangu Bwana Harilal aelewe kila neno, na jambo langu ni la redio.

Jikoni Momanyi anapasha chai. Tumeoana juzi tu, na nikimsikia akigonganisha vikombe moyo wangu bado unaruka kama wa msichana wa shule. Sasa hivi amechungulia akaniuliza nataka chai ya namna gani. Nikasema maziwa mengi, sukari kidogo. Akasema, "Maziwa mengi, sukari kidogo," kisha akasimama akangoja nitikise kichwa, ndipo akaondoka. Mwanangu, umri huu wote sikuwahi kuishi na mtu anayerudia nilichosema ili ahakikishe amenisikia. Baba yako, kabla hajatuacha akaenda zake Nairobi, alikuwa akijibu kabla sijamaliza sentensi. Huyu anangoja. Wakati mwingine nasema vitu vya bure tu, kwamba mvua itanyesha, kwamba ndizi zimeiva, ili nimsikie akivirudia.

Unajua kabisa alijifunza wapi tabia hiyo. Aliipata kwenye kazi yetu, mimi na wewe.

Ulikuwa darasa la saba Bwana Harilal aliponitoa kwenye cherehani. Nilikuwa nashona sare za shule barazani pa duka lake hapo Kisii mjini, naye ndani akiuza simiti, mbolea na sukari kwa jumla. Alikuwa amefungua bohari Nyamarambe na nyingine Nyaramba, na amechoka kutuma mtu kila anapotaka kujua kama mbolea imekwisha. Akanunua redio za mawasiliano. Siku moja alisimama mlangoni akanitazama nikibishana na mteja, akasema, "Mama Kwamboka, sauti yako inafika mpaka posta. Njoo ndani."

Siku za kwanza zilikuwa vurugu tupu. Watu walibonyeza na kusema wote pamoja. Nyamarambe akiagiza mbolea na asijibiwe, aliagiza tena, nasi tukapeleka lori mara mbili kwa haja moja. Bwana Harilal alishika kichwa. "Hii ni redio ama ni soko la ndizi?"

Dawa tuliitengeneza sisi, mezani petu kule Nyanchwa. Nilikutolea vigezo vyangu vya karatasi, vile vya kukatia kola na mikono ya nguo. Nikakueleza kwamba fundi habuni kola upya kila siku. Anayo karatasi ya kola, anailaza juu ya kitambaa, kiwe cha sare au cha gauni la harusi, anafuatisha. Nikakuuliza kama mazungumzo nayo hayawezi kuwa na karatasi zake. Ukatafuna ncha ya penseli, ukasema, "Hodi, Mama."

"Hodi ya nini?"

"Mgeni haanzi kusimulia akiwa nje. Anapiga hodi, anataja jina, anangoja karibu."

Hicho kikawa kigezo chetu cha kwanza na tukakiita Hodi: unamwita mwenzako kwa jina mara mbili, unajitaja, unanyamaza mpaka ajibu. Kutoka kwa mwalimu wenu tukachukua Rejesta. Kila ujumbe wa siku ulipewa jina la msichana wa darasa lako, kwa mpangilio ule ule, Bosibori, Kemunto, Moraa, Nyaboke, ili ukirudiwa ijulikane ni ule wa kwanza umerudi, na ukipotea nafasi yake ionekane kama dawati tupu. Kanisani tulichukua Rudia: anayepokea anarudisha maneno aliyosikia, na aliyetuma anasema "ndivyo". Neno "ova" tulilipata kwa askari, yaani nimemaliza, sasa ni zamu yako. Na kwa kuwa mgeni kwetu hatoki nyumbani mpaka mwenyeji naye amemwachilia na kumsindikiza, tukaweka Kwaheri ya Wawili. Kila upande ulipaswa kusema, "Hakuna lingine upande wangu," ndipo redio izimwe.

Ilifanya kazi, mama yangu! Lori hazikupotea tena. Mwaka huu ulipokuja na karatasi za chuo ukanieleza kwamba wahandisi wa kompyuta nao wana vigezo vyao vya mazungumzo, nani aanze, nani angoje, jibu lisipokuja ifanyike nini, na kwamba hawavibuni upya kwa kila mtambo, nilicheka kwa furaha. Nilimwambia Momanyi, "Mtoto anavuka bahari kwenda kusomea meza yetu ya Nyanchwa."

Halafu furaha ikaingia mchanga, kwa sababu nilikumbuka kigezo cha mwisho.

Nyamarambe walitusikia moja kwa moja. Nyaramba hawakutupata kabisa, maana mlima wa Manga umekaa katikati kama mtu mnene kwenye kiti cha mbele. Bwana Harilal akakodi chumba huko juu mlimani, akaweka redio nyingine na mtu wa kupokea huku na kupeleka kule. Tulihitaji karatasi ya mazungumzo ya watu watatu. Ni wewe uliyesema, "Esigani." Nami nikapiga makofi, kwa sababu nani kwetu asiyemjua esigani, yule anayetumwa na familia ya kijana kwenda kuulizia habari za msichana, na kurudi na jibu? Tukakiita Mtu wa Kati.

Hapo ndipo mkono wangu ulipokosea kukata. Nilichukua karatasi za Nyamarambe, zilizokatwa kwa watu wawili, nikazilaza juu ya watu watatu bila kupunguza wala kuongeza. Manga akisema "nimepata", Nyaramba alihesabu kwamba Kisii amepata. Manga akirudia maneno, ilitosha. Manga akisema "hakuna lingine", tulifunga. Sikuweka mahali popote ambapo mimi na wa Nyaramba tungejua kwamba tumesikiana kweli. Mtu wa kwanza wa Manga alikuwa mwaminifu, kazi ikaenda vizuri, nami nikadhani uzuri ule ni wa kigezo.

Ulipomaliza kidato cha nne ukawa unangoja chuo, nilimwomba Bwana Harilal akupe kiti cha Manga. Nilijivuna! Kila asubuhi sauti yako ilishuka kutoka mlimani, "Kisii, Kisii, hapa Manga," na wateja walinyamaza kusikiliza. Niliwaambia ni binti yangu, hata wale ambao hawakuuliza.

Momanyi aliletwa bohari ya Nyaramba wakati huo huo. Alipitia dukani siku moja kuchukua funguo, mrefu, mpole, na lile pengo la mbele linaloonekana akicheka, nami nikampa funguo zisizo zake. Akarudi akicheka. Basi nikawa nimekwisha, Kwamboka. Baada ya hapo sikumwona kwa muda mrefu. Nilimpata kupitia kwako. "Mama, Nyaramba anasema simiti imefika, anauliza kama na wewe umefikiwa na chai." "Mama, Nyaramba anauliza Kisii kunanyesha, maana kwake jua ni zuri na hana wa kumwonyesha." Ulikuwa ukicheka ukiyasema. Fikiria jambo hilo. Nilimpenda mwanamume kwa sauti ya binti yangu. Kila neno tamu lililonifikia lilitoka kinywani mwako, na nilikupenda zaidi kwa kuwa uliniletea.

Kisha yakakoma. Kila jioni kabla ya kufunga nilikuuliza, huku najifanya napanga stakabadhi, "Nyaramba amesema lingine?" Nawe ukajibu kwa yale maneno tuliyoandika pamoja, "Hakuna lingine upande wangu, Mama. Ova."

Nami nikasema, "Hakuna lingine upande wangu," nikazima redio.

Niliona mwanamume ametafakari akaniacha kama yule wa kwanza. Nililia Jumapili moja nikichambua maharagwe, ukaja ukaketi kando yangu, ukanishika kichwa ukakilaza begani kwako. Ulisema, "Wanaume ni hivyo, Mama. Mimi niko." Nilikushukuru kwa maneno hayo. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya bega hilo.

Siku Momanyi alipokuja dukani kulikuwa na mvua. Alisimama mbele ya kaunta na kofia mkononi, maji yakidondoka kwenye sakafu ya Bwana Harilal.

"Bwakire buya, Mama Kwamboka."

"Bwakire buya, mtu wa Nyaramba. Umepotea."

"Sikupotea. Nilifukuzwa."

"Na nani tena, mtu mzima kama wewe?"

"Na wewe. Nilituma kwamba nataka kuja kwenu na wazee, nikaomba utaje siku. Ukasema hapana, na nisikusumbue tena kwenye redio ya kazi. Nimejaribu kukaa na hiyo hapana, nimeshindwa. Nimekuja niisikie kwa mdomo wako, halafu niende zangu."

Nikamwuliza, "Nani alikupa jibu hilo?"

"Manga."

Bwana Harilal alikuwa akipima misumari. Aliiacha mizani ikining'inia, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema taratibu, "Mama, jibu mteja."

Nilimjibu. Nilisema ndiyo mbele ya magunia ya sukari, mbele ya wapagazi, mbele ya mama mmoja aliyekuja kununua mabati na akasahau mabati yake akaanza kupiga vigelegele. Momanyi akaniinamia. "Umesema ndiyo."

"Ndivyo," nikamwambia.

Nakuambia kwamba mtu anaweza kufurahi sana na kuvunjika katika dakika ile ile. Nilicheka na kila mtu pale dukani, na ndani yangu neno moja lilikuwa likigonga: Manga. Manga. Manga.

Jioni uliporudi nilikuuliza kabla hujavua viatu. "Kwamboka, Nyaramba aliwahi kunitumia ujumbe wa kuja nyumbani?"

"Upi, Mama?"

"Unaujua."

Ukavua kiatu kimoja, ukakitazama ndani kama vile kuna jiwe. "Haukuwa na jina," ukasema. "Haukuwa kwenye Rejesta."

Basi. Hilo ndilo jibu pekee nililowahi kupata. Ulikwenda kulala, asubuhi ukapanda Manga, na tangu siku hiyo tumezungumza habari za pasipoti, za viza, za gauni lako la harusi yangu, ambalo nilikukatia mimi mwenyewe, la samawati, ukapendeza kuliko bibi harusi. Kwenye picha unatabasamu. Nimezitazama picha hizo mara nyingi kuliko ninavyomtazama bwana harusi, natafuta kitu usoni mwako, lakini sikipati.

Nitakuambia kinachoniuma. Ungenipinga nyumbani, ungelia, ungesema humtaki, ningekasirika na tungepona. Wewe ulitumia mkono wangu. Ulichukua Rudia, niliyoikata ili mtu asisikiwe vibaya, ukaitumia kumrudishia mtu maneno ambayo sikuyasema. Ulichukua Kwaheri ya Wawili ukanifungia mlango nikiwa ndani. Ulijua ujumbe usio na jina hauachi dawati tupu, kwa kuwa wewe ndiye uliyeleta hayo majina mezani. Hakuna mwizi angeweza kuniibia hivyo. Ilihitaji mtu aliyeijua nyumba, na nyumba ile tuliijenga wawili.

Na bado, nikiwa na hasira yangu, nikirudi kwenye karatasi naona kwamba nilikuachia uwazi. Hilo nakuambia kwa ajili ya kazi unayokwenda kuisomea. Wakikupa kigezo kizuri, waulize kilikatwa kwa mwili wa nani. Kola iliyomkaa mmoja vizuri inaweza kumkaba mwingine, na karatasi yenyewe haitasema. Mtu wa Kati abebe ujumbe, aurudie, aseme "nimeubeba", lakini asipewe kamwe uwezo wa kusema "amekubali" au "amekataa" kwa niaba ya mtu ambaye hasikiki. Jibu lazima liwe na alama ya mwenyewe, kitu ambacho wa kati hawezi kukitengeneza. Sikuweka alama hiyo, kwa kuwa niliona ni aibu kumwekea mtu wangu mtego. Nilichanganya kumpenda mtu na kutomkagua. Huko utakata karatasi ambazo watu wasiokujua watalaza maisha yao juu yake, mama mmoja mahali fulani akingoja jioni aambiwe kama kuna lingine. Umkumbuke huyo.

Manga pia tumeparekebisha. Siku hizi kabla ya kufunga, Kisii anatoa swali dogo ambalo Nyaramba peke yake anaweza kulijibu, kila siku swali jipya. Jana niliuliza ng'ombe wa jirani amezaa dume au jike. Bwana Harilal analalamika kwamba redio yake imegeuka baraza, lakini anasikiliza majibu yote.

Momanyi hajui kwamba naandika haya. Alikusamehe zamani, siku ile ile, kwa haraka iliyoniudhi. Anasema, "Alikuwa anamlinda mama yake." Nami nimejaribu kukutafutia sababu. Nimejiambia uliogopa kwamba nikiolewa hutakuwa na mahali pa kurudi. Nimejiambia ulikuwa bado unamngojea baba yako kimya kimya, na mimi sikujua. Nimejiambia labda ni zile salamu tamu tu, ulichoka kuzibeba kwenda kwa mtu mwingine wakati wewe ulikuwa peke yako mlimani siku nzima. Kila sababu nikiishika inaonekana nzuri, nami naiweka chini. Nikikuchagulia sababu nitakuwa nimekujibia. Nitakuwa nimekaa Manga.

Kwa hiyo nangoja kwako mwenyewe. Sikuombi uniambie kwamba nilikuwa na haki, wala kwamba unampenda Momanyi. Katika vigezo vyetu "nimepata" haikuwahi kuwa na maana ya "nimekubali"; ilikuwa na maana kwamba neno lako limefika kwa mtu na halielei hewani. Sababu yenyewe inaweza kuchelewa. Inaweza kuja kutoka chuoni kwako huko Pune, au ukiwa na watoto wako. Lakini usipande ndege ukiwa umenifungia upande mmoja. Ukienda bila neno, kila ukipiga simu dukani na kusema uko salama nitakuwa nikisikiliza nyuma ya sauti yako, nikiuliza ni nini ambacho hakikupewa jina. Sitaki kukusikiliza hivyo. Nataka kukuamini bure, kama zamani, na siwezi kufanya hivyo peke yangu.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku, chini ya kamba, uione kabla hujaliinua. Momanyi angekubali kukuletea chumbani kwa mkono wake, na angekuletea vizuri, lakini sikutaka mtu wa katikati. Asubuhi nitakuwa jikoni nikikuchemshia mayai ya safari. Sitageuka kukutazama, usije ukasema ulilazimishwa na uso wangu. Utakuja nyuma yangu kama ulivyokuwa ukija ukiwa mdogo, na ukisema "nimepata", nitalirudia neno hilo, ili ujue kwamba nimekusikia.

Nina mengine mengi upande wangu.

Kwamboka, Kwamboka, hapa ni mama yako. Ova.